Daftari la Mama: namna ya kuzikutanisha ofisi za serikali kwa ajili ya mzee wako hapa Mombasa

Mimi ni mshonaji wa mabuibui, Majengo. Kazini nina daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake: bega, kifua, mkono, urefu, na tarehe aliyopimwa, kwa maana mwili hubadilika na kipimo cha mwaka juzi huharibu kitambaa cha leo. Sikuwahi kufikiri kwamba daftari kama hilo lingefaa kwa mambo ya mama, hadi siku tuliyokwama hospitali. Mama ana sukari, na siku hiyo alikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa tano bila kutia kitu tumboni.

Tulimpeleka kwa ajili ya mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa. Kijana wa kaunta alimwambia aweke kidole gumba kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akaweka cha pili, ikakataa. Basi akasema atatuma namba ya uthibitisho kwenye simu iliyosajiliwa. Tukangoja. Simu ya mama ilikuwa kimya mkobani, kwa sababu laini iliyoandikwa kwenye usajili wake wa bima ni ya mjukuu, na mjukuu yuko Qatar mwezi wa nane sasa. Mwishowe kijana akaitazama barua ya rufaa, akasema, "Nyanya, barua hii ni ya Fatma. Kitambulisho chako kinasema Fatuma." Mama akamjibu taratibu, "Mwanangu, mimi ni yule yule."

Tulirudi nyumbani bila jicho kutazamwa. Usiku huo nilichukua daftari jipya la jalada gumu, nikaandika jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Baadaye nikamfungulia daftari la pili Ami, ndugu yake marehemu baba, aliyekuwa kuli bandarini Kilindini na alikuwa amepooza upande wa kushoto. Ninayowaeleza hapa yametoka kwenye madaftari hayo mawili.

Nani ana nini

Wengi wetu husema "serikali" kana kwamba ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Mzee wako yuko mikononi mwa ofisi tano au sita, na hazijuani. Kitambulisho ni cha ofisi ya usajili wa watu. Chifu na naibu wake wako chini ya serikali ya kitaifa. Pesa za Inua Jamii, zile za serikali za kila mwezi kwa wazee, nazo ni za kitaifa, na mtu wake wa karibu ni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Bima ya afya ni ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, siku ile ile dunia inapoadhimisha Siku ya Wazee. Lakini zahanati ya mtaani, na hata hospitali kubwa ya Coast General, ziko chini ya kaunti ya Mombasa. Ukimlalamikia chifu kwamba zahanati haina dawa za presha, atakuonea huruma, hana la zaidi. Nimepoteza asubuhi nyingi kwa kupeleka kilio kizuri kwenye mlango usio wake.

Hata uzee wenyewe kila ofisi ina hesabu yake. Katiba ya 2010 inamhesabu mzee kuwa ni aliyepita miaka 60, na Kifungu cha 57 kinasema ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Hayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari, si kwa kumtisha mtu kwenye kaunta, ila yananinyoosha mgongo ninapochoka. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya walioajiriwa, nao wanatazama miaka 60. Inua Jamii inataka 70. Kwa hiyo usimwambie mzee "umefikisha" kabla ya kujua umefikisha kwa nani.

Kidole, jina na simu

Anza na hivi vitatu kabla ya kwenda ofisi yoyote, kwani kila ofisi itakuuliza kimoja katika hivi, na kimoja kikikataa vyote husimama.

Kidole kwanza. Nilimshika mama mkono chini ya taa ya cherehani. Ncha ya gumba na ya kidole cha shahada zilikuwa laini kama ganda la yai, mistari imekwisha. Mama alishona kofia za kiua miaka arobaini, akisukuma sindano kwa vidole hivyo hivyo tundu baada ya tundu, na nguo za watoto saba alizifua kwa mkono. Mashine haikukosea, vidole vimeisha kwa kazi. Basi tulifanya hivi: usiku wa kuamkia safari nampaka mafuta ya nazi mikononi, asubuhi ananawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, anafuta vizuri. Tukifika, namwomba afisa ajaribu vidole vyote kumi bila haraka. Kwa mama kilichosoma ni cha pete, mkono wa kushoto. Nimekiandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wake, na sasa tukifika mahali nasema mapema, "Mjaribu cha pete cha kushoto." Dakika moja, kazi imekwisha.

Jina. Kitambulisho ndicho mfalme. Karatasi nyingine zote zisogee kukifuata, usijaribu kukisogeza chenyewe isipokuwa kina kosa kubwa. Hapa pwani majina yetu yameandikwa na watu wengi wenye masikio tofauti: Fatma na Fatuma, Omar na Omari, "binti" imeandikwa hapa na kuachwa pale, ukoo umetiwa kwenye cheti cha ndoa na haupo kwenye kadi ya kliniki. Nilizitandaza karatasi za mama zote kwenye mkeka, nikazipanga mafungu mawili, zinazolingana na kitambulisho na zisizolingana. Kadi za hospitali zilirekebishwa papo hapo kwa kuomba tu. Kwa barua ya rufaa, mwambie daktari aandike akitazama kitambulisho, asiandike kwa kusikia. Zilizobaki, kama hati ya nyumba na cheti cha ndoa, hazibadiliki kwa urahisi. Hizo tulimwendea wakili ambaye ni kamishna wa viapo, mama akaapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo ya kiapo ina muhuri. Nilitoa nakala nne, na ile halisi haitoki nyumbani bila sababu.

Mwaka wa kuzaliwa ni sehemu ya jina pia. Wazee wetu wengi walikadiriwa umri walipokwenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho. Ami kitambulisho chake kilisema 1952, naye alikumbuka vizuri mwaka 1956, Princess Margaret alipokuja Mombasa, kwamba tayari alikuwa chuo cha Kurani kwa mwalimu, anasoma juzuu, na alitoroka kwenda kutazama magari. Mtoto wa miaka minne hasomi juzuu. Lakini ofisi husoma karatasi, haisomi kumbukumbu, na Ami alihesabiwa 70 mwaka 2022. Kama kwenu kosa ni kubwa na mzee bado ana nguvu za kuzunguka, anzeni marekebisho mapema, kwa maana yanataka ushahidi na yanakula muda. Kama tofauti ni ndogo, ni afadhali kungoja.

Simu. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe, na ikae kwenye simu iliyo nyumbani kwake. Kwenye Safaricom piga *106# uone ni namba gani zimeandikwa kwa kitambulisho chake. Sisi tulikuta ile anayoitumia kila siku haimo. Mjukuu aliisajili kwa jina lake yeye, na kwenye bima akaandika namba yake mwenyewe, kwa mapenzi tu, alitaka kumrahisishia bibi yake, na urahisi ule ndio uliotufunga hospitali. Mpeleke mzee mwenyewe dukani na kitambulisho halisi, kisha pitia kila ofisi yenye namba ya zamani, uibadilishe. Namba ya siri ya M-Pesa usiiandike daftarini. Hilo ni la mzee na kifua chake.

Bima, na mlango wa zahanati

Mama si tegemezi wako kwenye SHA. Tegemezi ni mwenzi wako wa ndoa na watoto wako. Mzazi anajisajili mwenyewe, kwa *147# au kwa kusaidiwa Huduma Centre, kituo cha serikali cha huduma za pamoja, au kwenye kituo cha afya. Asiye na mshahara hulipa kwa mwaka, na kiasi kinatokana na maswali anayoulizwa kuhusu nyumba anayoishi: paa, sakafu, maji, cha kupikia. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Majibu yawe ya nyumba ya mzee, tena ya kweli. Kuna mtu wa karibu nasi aliyemjibia babu yake huku akiwaza nyumba yake mwenyewe ya Nyali, na babu akapangiwa kiwango cha mwenye nyumba ya Nyali.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa: akishasajiliwa tu, huduma za zahanati na kituo cha afya, daraja la pili na la tatu, hazitaki awe amelipa mchango. Mchango unatakiwa kuanzia hospitali ya daraja la nne kupanda juu. Kwa hiyo presha na sukari za kila mwezi zipelekeni kwanza karibu na nyumbani, na barua ya rufaa itoke hapo, kwa jina sahihi. Umjue pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Tangu Septemba 2023 nchi nzima imewapa kazi wahudumu kama laki moja, wenye mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Huyu wetu hupita barazani, anampima mama, nami naandika tarakimu daftarini. Daktari alipoona miezi minne ya vipimo imepangwa kwa tarehe hakumwuliza mama maswali ya kukisia, alibadilisha dawa siku hiyo hiyo.

Jicho lilifanyiwa upasuaji mara ya tatu tulipokwenda. Kidole kilisoma, simu ikapokea, jina likalingana. Sasa anatia uzi sindanoni mwenyewe, akiwa amekaa dirishani.

Chifu, Inua Jamii na wazee waliohama

Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70 na asiyepokea pensheni ya serikali. Kufikisha miaka hakumwingizi mtu kwenye orodha. Usajili hufunguliwa kwa awamu, na habari hupitia kwa chifu, naibu wake na mzee wa mtaa. Asiyejulikana na mzee wa mtaa hupitwa na habari. Basi nenda ukaandikishe jina la mzee wako kwa naibu wa chifu hata kabla usajili haujafunguliwa, kisha uulize tena kila baada ya miezi miwili. Usajili hauna malipo. Anayepiga simu akitaka utume pesa ili "malimbikizo yatoke" ni mwizi. Mweleze mzee hivyo leo, kwa lugha anayoielewa, na umrudie wiki ijayo.

Watakuuliza mlezi ni nani, mtu wa kumsaidia kupokea. Familia nyingi humtaja mwenye kazi nzuri. Mtajeni anayelala nyumba moja na mzee. Na mzee aulizwe mbele yenu wote, kwa sauti, aseme amekubali. Tuliposhindana kwa ajili ya Ami, binamu zangu watatu wakizungumza juu ya kichwa chake, alipiga mkongojo wake sakafuni akasema, "Nimepooza mkono, sikupooza ulimi." Nikajirudi. Tangu hapo, kila ninapokwenda ofisi na mama, kiti cha mbele ni chake na swali la kwanza ajibu yeye.

Ami ndiye aliyenifundisha ugumu wa kuhama. Alikuwa Likoni, na alipopooza tulimleta kwetu Majengo. Usajili wake ulibaki Likoni, ng'ambo ya feri, na mwili wake uko huku Majengo, kaunti ndogo ya Mvita. Tulichofanya ni kuomba barua kwa chifu wa Likoni ya kueleza amehama na sababu, tukampelekea chifu wa huku, kisha tukawaarifu maafisa wa maendeleo ya jamii wa pande zote mbili. Usimwarifu mmoja ukategemea atamwambia mwenzake. Kila aliyepokea barua alitia muhuri kwenye nakala yangu. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini kwa mzee chagua saa nne, wimbi la wafanyakazi likishapita.

Kwa kupooza kwake tulimwendea pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Njia hupitia hospitalini, anakotathminiwa na madaktari na fomu kujazwa, ndipo asajiliwe. Kuna pesa nyingine za Inua Jamii kwa mwenye ulemavu mkali anayehitaji mtu wa kumtazama wakati wote. Muulize afisa ni mlango upi unaomfaa mzee wako. NSSF sitaki kuwachosha nayo. Kama mzee aliwahi kuajiriwa, tafuta kadi yake ya zamani, nenda ukaulize. Ami alikuwa ameshachukua zake zote kwa mkupuo miaka mingi nyuma, likaisha hapo.

Daftari lenyewe, na siku ya kwenda

Ukurasa wa kwanza uwe na jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kidole kinachosoma, magonjwa, dawa na jina la mlezi. Baada ya hapo kila ofisi ipewe kurasa zake. Kila ziara iandikwe tarehe, jina la aliyekuhudumia, alichosema, alichochukua, alichokupa, na siku aliyokuambia urudi. Muulize jina lake kwa adabu: "Samahani mwanangu, niandike nilihudumiwa na nani?" Nimeona mara nyingi mtu akishataja jina lake husimama tena, akaangalia faili vizuri. Karatasi halisi usiiache popote bila risiti. Ziara moja tuliacha cheti halisi ofisi fulani, na maafisa waliporudi kutoka likizo hakuna aliyekikumbuka. Kukipata kingine kulituchukua miezi mitatu.

Pesa zisipoingia, usiulize "kwa nini hamjalipa". Uliza kwa mpangilio: jina limo orodhani? Malipo yametumwa? Yametumwa kwa namba gani? Jibu la kila swali lina ofisi yake, na ukijua limekatikia wapi hutazunguka mji.

Huduma Centre ya mjini inakusanya kaunta nyingi chini ya paa moja, basi panga mambo matatu kwa safari moja. Jumatatu foleni ni ndefu, Ijumaa watu wanawaza swala. Sisi huenda Jumanne au Jumatano, kwa tuktuk hadi mlangoni. Mfuko wa mama una maji, yai la kuchemsha, kipande cha muhogo, dawa zake na khanga ya kujifunika kiyoyozi. Mwambie askari wa mlangoni mapema kwamba una mzee. Mara nyingi hukupitisha mbele, lakini hatakujua usiposema.

Ukurasa wa mwisho

Ami alifariki nyumbani, alfajiri, na kwa desturi yetu tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kibali cha mazishi kwa naibu wa chifu. Wiki tatu baadaye tulipotaka cheti cha kifo tukaulizwa kibali kiko wapi, na ikabidi kukusanya mashahidi upya, walioosha maiti, imamu, jirani aliyemfumba macho. Kwa hiyo sasa, nyuma ya kila daftari, nimeandika mapema: nani atakwenda kwa naibu wa chifu wakati wengine wanaosha maiti. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja, kijana mwenye miguu mepesi, na ajue tangu leo.

Ukishapata cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu kinarudishwa. Mwarifu afisa wa maendeleo ya jamii, na pesa ya Inua Jamii ikiingia baada ya siku ya kufa usiiguse, hata ikiwa ni elfu mbili tu na deni la sanda bado lipo. Waarifu SHA, funga laini ya simu. Kila kimoja nilikiandikia tarehe na jina la aliyenipokea, nikapiga mstari chini yake, nikalirudisha daftari la Ami kwenye rafu kando ya lile la vipimo.